Mtihani wa Kidato cha Nne kwa kujitegemea: kwa nini mkulima aanze kujiandaa wakati wa mavuno?

Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, maswali ya wasikilizaji wetu hubadilika. Wiki moja wanauliza bei ya mbolea, wiki inayofuata wanauliza: "Nimepata daraja la nne, nifanyeje?" Mwingine aliacha shule Kidato cha Pili miaka kumi iliyopita, sasa ana watoto wawili na shamba la ekari tatu, naye anauliza kama bado anaruhusiwa kufanya mtihani.

Jibu fupi ni ndiyo. Mlango upo, na unaitwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023 ulikuwa na watahiniwa 572,338 waliosajiliwa, na kati yao 28,952 walikuwa wa kujitegemea. Ni kama mtu mmoja katika kila 20.

Lakini kila mwaka ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea huwa chini kuliko wa wenzao wa shuleni. Mitaani husemwa kwamba hao ni watu wa kichwa kigumu, walishindwa mara ya kwanza na wanashindwa tena. Ukiangalia mtihani wenyewe ulivyopangwa, utaona sababu nyingine, na kwa sisi wa vijijini kubwa kuliko zote ni kalenda.

Nani anaingia mlango upi?

Kuna makundi mawili makubwa. La kwanza ni waliokwisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne na wanataka kurudia ili kuboresha alama, yaani kurisiti.

La pili ni wale ambao hawakuvuka Kidato cha Pili, au hawakuingia sekondari kabisa. Hawa huanza na Mtihani wa Maarifa, unaojulikana zaidi kwa jina la QT. Ukifaulu QT, ndipo unapata ruhusa ya kujisajili mtihani wa Kidato cha Nne katika mwaka unaofuata au baadaye. Mitihani yote miwili hufanyika Novemba. Kwa hiyo anayeanzia QT ahesabu miaka miwili, siyo mmoja, na akikwama QT anasubiri mwaka mwingine.

Katika kundi hili la pili wamo kina mama wengi vijana. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule, na mlango uliobaki wazi kwake ulikuwa huu. Novemba 2021 serikali ilibadili utaratibu na kutoa Waraka wa Elimu Namba 2, unaoruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, zikiwemo za ujauzito, kurudi darasani. Waliopitwa na nafasi hiyo bado wana njia nyingine: vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hufundisha masomo ya sekondari kwa miaka miwili badala ya minne. Kabla hujaamua kusoma peke yako chumbani, muulize afisa elimu kata kama kuna kituo cha aina hiyo karibu nawe.

Hesabu ambayo wengi hawaambiwi

Mwanafunzi wa shule haingii chumba cha mtihani mikono mitupu. Alama zake 30 kati ya 100 hutokana na kazi na mitihani aliyoifanya akiwa shuleni. Mtihani wa Novemba unabeba 70 zilizobaki.

Mtahiniwa wa kujitegemea hana akiba hiyo. Alama zake zote 100 zinatoka kwenye karatasi ya Novemba.

Tuchukue mfano. Ili kupata D katika somo unahitaji alama 30. Mwanafunzi wa shule aliyekusanya 15 katika zile 30 za shuleni anahitaji 15 tu kati ya 70 za mtihani. Wewe unahitaji 30 kati ya 100 kutoka kwenye karatasi hiyo hiyo. Kwa C, ambayo huanzia alama 45, yeye anahitaji 30 kati ya 70 na wewe unahitaji 45 kati ya 100. Tofauti haionekani kubwa, lakini ikijirudia katika masomo saba inaweza kumshusha mtu daraja zima.

Ongeza na lugha. Ukiacha masomo machache kama Kiswahili, maswali huulizwa kwa Kiingereza na majibu huandikwa kwa Kiingereza. Mtu aliyekaa kijijini miaka mitano akiuza mahindi kwa Kiswahili au Kinyiha hana mahali pa kukifanyia Kiingereza mazoezi. Ndiyo maana wapo wanaojua kabisa jinsi mmea unavyojitengenezea chakula, wakashindwa kulieleza kwenye karatasi.

Kalenda mbili zinazogongana

Matokeo ya mtihani wa 2023 yalitangazwa 25 Januari 2024. Ya mtihani wa 2024 yalitangazwa 23 Januari 2025. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea, kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Dirisha la ada ya kawaida hufungwa mwisho wa Februari, na Machi ni mwezi wa wanaochelewa, wanaolipa pamoja na faini. Ada imekuwa shilingi 50,000, na kwa aliyechelewa 65,000. Thibitisha kiasi cha mwaka unaojisajili, kwa sababu viwango vinaweza kubadilika.

Sasa weka kalenda ya shamba juu ya hiyo. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Singida, Dodoma, Rukwa, Songwe na Ruvuma, Januari na Februari ni miezi ya palizi. Ghala limepungua au limekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na pesa iliyokuwepo imeingia kwenye mbolea na sare za watoto. Hapo ndipo mtu anatakiwa kutoa shilingi 50,000. Faini ya Machi nayo inafika kabla ya mavuno. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ni ya mwanafunzi aliyeko shuleni. Haikufuati nje ya lango.

Mwezi wa mtihani nao ni Novemba, mvua za kwanza zinapokaribia na kila mkono unahitajika shambani. Kituo chako kinaweza kuwa makao makuu ya wilaya. Mitihani huendelea kwa zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo utahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala. Wapo wanaolipa ada kamili na kukosa karatasi mbili tatu kwa sababu pesa ya nauli iliishia njiani.

Ndiyo maana nasema mwaka wa mtahiniwa wa kujitegemea aliyeko kijijini hauanzi Januari. Unaanza Juni ya mwaka uliotangulia, gunia la kwanza linapotoka shambani. Kama unajua kwamba utarudia au utafanya QT, tenga ada wakati huo. Kama uko kwenye VICOBA na kikundi chenu hugawana mwezi Desemba, pesa ya mtihani itoke kwenye mgao huo kabla haijapata jina lingine. Nauli na malazi ya Novemba yatoke kwenye mavuno ya mwaka wenyewe wa mtihani.

Usirudie usichokihitaji

Kosa la pili la gharama ni kurudia masomo yote bila kujua unakwenda wapi. Daraja huhesabiwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, lakini siyo kila safari inadai daraja jipya.

Kozi nyingi za cheti katika vyuo vya kati hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, kuanzia D. Kozi za afya zina masharti yake: utabibu, kwa mfano, unahitaji Kemia, Baiolojia na Fizikia ziwemo. Mwenye D tatu za sayansi na F katika mengine anaweza kuwa anahitaji somo moja tu. Nenda kwanza chuoni au piga simu, uliza sifa za kozi unayoitaka na kama wanapokea vyeti viwili vya miaka tofauti. Ukipata jibu, utajua kama unasoma vitabu viwili au saba.

Anayetaka Kidato cha Sita kwa kujitegemea ahakikishe kwanza ana C tatu. Bila hizo, kazi yake bado iko Kidato cha Nne.

Mtaala umebadilika

Hili linawahusu wanaosoma kwa madaftari ya kaka na dada zao. Mtaala ulioboreshwa umeanza kufundishwa kwa awamu. Kuna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na mihtasari ya masomo mengine imepangwa upya.

Anayepanga kufanya mtihani katika miaka ijayo asinunue kitabu wala kulipia masomo ya ziada kabla ya kumuuliza mkuu wa kituo swali moja: mtihani wangu utatungwa kwa muhtasari upi?

Simu yako ifanye kazi

Tovuti ya NECTA ina mitihani ya miaka iliyopita na maelezo ya muundo wa kila mtihani. Ina pia taarifa za uchambuzi wa majibu, somo kwa somo, zinazoonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Hii ya mwisho ni kama kukaa karibu na msahihishaji, na haina malipo. Taasisi ya Elimu Tanzania nayo ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada.

Siyo lazima kila mtu awe na simu kubwa. Watu wanne wenye simu moja ya intaneti wanaweza kupakua siku ya soko penye mtandao mzuri, kisha wakakaa pamoja Jumapili jioni. Faida ya kikundi ni kwamba unalazimika kueleza. Kama huwezi kumweleza mwenzako kwa Kiingereza cha sentensi tatu, karatasi nayo haitakuelewa.

Kwenye usajili, anza kituoni. Mkuu wa kituo hukupa namba rejea, kisha unajaza taarifa mtandaoni na kulipa kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Usimkabidhi mtu fedha taslimu kwa ahadi kwamba "atakuandikisha". Wanaouza mitihani kwenye makundi ya WhatsApp waache walivyo. Wengi ni matapeli, na aliyekutwa na udanganyifu hufutiwa matokeo.

Nini kinaweza kubadilishwa?

NECTA ina sababu ya kutaka majina mapema. Karatasi lazima zichapwe, vituo vipangwe, wasimamizi wateuliwe. Lakini anayerudia matokeo ya zamani hangoji tangazo lolote la Januari. Angeweza kuruhusiwa kuanza kulipa kidogo kidogo kuanzia Julai ya mwaka uliotangulia, pesa ya mavuno ikiwa bado mkononi. Hilo lisingechelewesha uchapaji hata siku moja.

Halmashauri nazo zina jambo lisilohitaji bajeti kubwa. Shule za kata zina vyumba, na baadhi zina maabara zinazofungwa kila Jumamosi. Kumfungulia mtahiniwa wa kujitegemea wa kijiji hicho hicho, chini ya usimamizi wa mwalimu mmoja, kungempa kitu ambacho simu haiwezi kumpa: kushika kifaa chenyewe kabla ya kuulizwa kuhusu kifaa hicho.

Mpaka hayo yafanyike, mezani kwenu kuna maamuzi matatu ya kuandika kabla ya kulipa chochote: unataka kwenda wapi, unahitaji masomo mangapi kufika huko, na nauli ya Novemba itatoka gunia lipi. Mwenye majibu ya yote matatu ajisajili. Asiye nayo atumie mwaka huu kusoma na kuweka akiba, ajisajili mwakani.