Kemia: takataka nazo zihesabiwe

Katika maabara za vyuo vikuu, mwanafunzi wa kemia husifiwa kwa wingi wa bidhaa aliyopata. Takataka zinabaki bila hesabu. Hilo libadilike, toka Bukavu hadi Lubumbashi.

Mwaka wa 1992, mwanakemia Roger Sheldon alionyesha njia rahisi: kugawanya kilo za takataka kwa kilo za bidhaa. Katika viwanda vya dawa, kilo moja ya dawa huweza kuacha kilo 25 hadi 100 za uchafu.

Kweli, kilo ya chumvi si kilo ya zebaki. Sumu yake nayo iangaliwe. Lakini asiyepima hawezi kupunguza.

Hesabu hii haiombi mashine ya bei kali: mizani na kalamu vinatosha. Walimu waidai katika kila ripoti, kwani kinachomwagwa bila kuhesabiwa, wananchi watakikuta mtoni.