Uhuru na Usawa Bila Udugu Havisimami

Mwaka 1993 na 1994 mwongozaji wa filamu kutoka Poland, Krzysztof Kieślowski, alitoa filamu tatu zenye majina ya rangi za bendera ya Ufaransa: Bluu, Nyeupe na Nyekundu. Kila moja inapima tunu moja: uhuru, usawa na udugu. Tunazipendekeza kwa waseminari na waamini, kwa kuwa swali lake ni letu pia.

Katika zote tatu anaonekana mzee aliyepinda mgongo, akihangaika kutumbukiza chupa kwenye pipa refu. Katika Bluu, Julie, aliyefiwa na mume na mtoto na anayetaka kuishi bila kumhitaji mtu, amefumba macho, hamwoni. Katika Nyeupe, Karol, anayetafuta usawa kwa kulipiza kisasi, anamwona na kutabasamu tu. Katika Nyekundu, Valentine anamwendea na kumsaidia. Papa Fransisko alifundisha hivyo katika Fratelli Tutti (2020): uhuru na usawa hudhoofika pasipo udugu.

Hapa Kibiti somo hili si la darasani. Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja, katika kipindi ambacho viongozi wa vijiji nao waliuawa. Aprili 2024 mafuriko ya Mto Rufiji yalifunika mashamba na nyumba, na maji hayakuuliza nani Mwislamu, nani Mkristo. Serikali ina wajibu wake wa ulinzi na misaada. Lakini askari hawezi kuamuru majirani waaminiane, wala gunia la unga haliwezi kukaa matangani na mfiwa.

Hofu hutufundisha kuchunguzana. Katika Nyekundu jaji mstaafu anasikiliza kwa siri simu za majirani zake. Anajua mambo yao yote, lakini hana jirani hata mmoja. Anaanza kubadilika pale Valentine anapoingia nyumbani kwake na kuzungumza naye. Kumjua mtu siri zake si kumfanya ndugu.

Wapo watakaosema hizi ni filamu za watu wa mijini Ulaya, zisizohusu watu wa mikokoni. Tunawaomba wasikilize mwisho wa Bluu: kwaya inaimba, kwa Kigiriki, maneno ya Mtakatifu Paulo juu ya upendo kutoka Wakorintho wa Kwanza, sura ya 13. Maneno hayo tunayasoma kwenye ndoa zetu, kisha tunayaacha kanisani.

Mseminari atakayetumwa delta hatapimwa kwa mahubiri peke yake. Atapimwa msiba utakapotokea kwa jirani Mwislamu: je, atafika kabla ya kuitwa? Nasi waamini tusimwachie yeye kazi hiyo. Wazee wenye chupa mkononi wapo katika kila kitongoji chetu.