Kitabu cha Kusoma Majira ya Ukungu

Mvua za Rungwe zimetufungia ndani tena, na ukungu unashuka mlimani kabla ya jua kuzama. Kwa majira ya namna hii tunawapendekezea kitabu chenye umri mkubwa kuliko wengi wetu: Mzimu wa Watu wa Kale, cha Mzanzibari Muhammed Said Abdulla. Kilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58, kikachapishwa mwaka 1960.

Maiti inakutwa penye mzimu, mahali panapoogopwa na watu. Ni rahisi kusema kwamba wahenga wamekasirika, na shauri likaishia hapo. Bwana Msa, mpelelezi asiyeachana na kiko chake, haridhiki. Yeye anatafuta binadamu mwenye mikono na mwenye sababu.

Sisi wa Tukuyu hatuhitaji kufafanuliwa hofu hiyo. Habari za Lwembe na msitu wake wa Lubaga tunazijua. Wala hatukisomi kitabu hiki kama dhihaka kwa wazee. Tunavyoona sisi, anayeumbuliwa ni yule anayejificha nyuma ya heshima yao.

Na tuseme wazi kwa nini tunakipendekeza sasa. Kijana akifariki ghafla, kaburi halijafukiwa, jina la bibi fulani limekwisha kunong'onwa matangani. Tumewaona wajane waliohama nyumba zao kwa mnong'ono kama huo. Hakuna aliyeuliza kama marehemu alikuwa na shinikizo la damu, au alikunywa nini usiku ule, au migomba ya mjane aliyefukuzwa sasa inavunwa na nani. Hilo la mwisho Bwana Msa angeliuliza kwanza.

Kitabu kina uzito wake. Mazungumzo ni marefu, na Kiswahili chake ni cha Unguja, hivyo kamusi iwe karibu. Kijana aliyezoea filamu za kwenye simu atanung'unika katika kurasa za mwanzo. Avumilie, maana kila neno lililotamkwa pale huja kudaiwa baadaye.

Wazee ambao macho yamechoka wasomewe kwa sauti, jioni, karibu na moto. Na atakayemaliza kwanza, tafadhali, asimtajie mwenzake muuaji.