Paa Moja, Familia Mbili: Kolwezi Ihesabiwe Vipi?

KOLWEZI – Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, nchi ikiitwa Zaire. Jimbo la Lualaba limezaliwa mwaka 2015. Kwa hiyo kila idadi ya wakaaji wa Kolwezi inayotajwa leo ni makadirio.

Makadirio si uongo. Mwaka 2017 na 2018, katika majimbo matano ya magharibi mwa nchi, watafiti walihesabu watu nyumba kwa nyumba katika maeneo machache yaliyochaguliwa. Kisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walitumia majengo yanayoonekana kwenye picha za setilaiti kukadiria wakaaji wa sehemu ambazo hazikufikiwa. Njia hiyo inafaa, maana sensa ni ghali.

Lakini Kolwezi ni mji unaohamahama. Mwaka 2017 familia za Kasulo zilihamishwa ili kobalti ichimbwe chini ya nyumba zao. Familia ikihamishwa, mara nyingi hupokelewa na ndugu. Kwenye picha, mapaa ni yaleyale. Ndani, watu wameongezeka. Chukua mfano: mapaa 1,000 yenye watu 6 kila moja ni watu 6,000. Kama 200 kati ya hayo yamepokea familia ya watu 5, watu 1,000 hawaonekani. Chandarua, chanjo na madawati yakigawanywa kwa idadi hiyo, hao ndio watakaokosa.

Tena majirani hufanana. Kuuliza nyumba 30 za mtaa mmoja si sawa na kuuliza nyumba 30 zilizotawanyika katika mitaa mingi. Anayepima Manika na Dilala, bila kufika kwenye makao ya wachimbaji, atajua habari za mjini tu.

Ndiyo maana wanaohesabu wanapaswa kufika mitaa mingi zaidi, hata kama ni nyumba chache kwa kila mtaa, na kuuliza kwanza ni nani amepokea wageni. Wakuu nao watangaze idadi mbili, ya chini na ya juu, badala ya moja inayojifanya kamili. Na waeleze wazi kwamba majina hayatatumiwa kumtoza au kumfukuza mtu. Bila hivyo, mama akiulizwa "Mnalala wangapi hapa?" atataja watoto wake tu, na wageni wake watabaki nje ya hesabu.