D Tatu Ziwe C

Kila yatokapo matokeo ya mitihani, katika baadhi ya nyumba za Kiuyu, kisiwani Pemba, husikika neno la kukatisha tamaa: mtoto huyu kichwa chake ni kizito, na aende zake baharini. Neno hili twalipinga, kwani mara nyingi si la kweli.

Tarehe 23 Septemba 1964 Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo Zanzibar. Haifai mtoto wa mvuvi aliyefunguliwa mlango wa skuli siku ile afungiwe leo kwa upungufu wa alama chache.

Na tuhesabu. Kwa utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania, katika mtihani wa kidato cha nne A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5. Na yanayojumlishwa ni masomo 7 yaliyo bora. Mwenye D saba ana pointi 28, naye yumo daraja la nne. Akizigeuza D tatu tu kuwa C, pointi zake ni 25, naye ameingia daraja la tatu, tena amepata msingi wa kuomba kidato cha tano. D ni alama 30 hadi 44, na C huanzia 45. Basi aliyepata 38 amepungukiwa na alama 7. Hakupungukiwa na akili.

Mwanafunzi na achague masomo matatu yaliyo karibu na mpaka huo, ayashike kwanza. Na azitazame karatasi zake za zamani, amwulize mwalimu pale alipokosa, kisha alijibu swali lile lile bila ya kufungua daftari. Masomo ya sekondari husomeshwa kwa Kiingereza, na wapo wengi walijuao jibu wasiolifahamu swali. Kwa hiyo ajifunze maneno machache ya somo kila siku. Bandu bandu huisha gogo.

Lakini kusoma kwataka muda, na muda huo umo mikononi mwa wazazi. Bamvua likifika, msichana huhitajiwa kwenye mwani. Dago likianza, kijana huitwa chomboni. Karafuu zikiiva, wote hutakiwa mikarafuuni. Hatusemi mtoto asisaidie wazee wake, kwani kazi ni heshima. Twasema asikoseshwe darasa kwa ajili yake, na kila usiku apewe taa na nafasi ya kusoma.

Wanachama nao wana wajibu. Tawi liwezalo kukusanya watu mkutanoni haliwezi kushindwa kuwafungulia wanafunzi mlango wake jioni, na kumwomba kijana aliyemaliza kidato cha sita awaongoze.

Mtihani wa kidato cha nne hufanywa Novemba. Kazi hii na ianze sasa, wala isingoje matokeo mengine ya kusikitikia.