Kabla ya Kuizika Giaboksi

Hoja yenyewe mmeshaisikia. Inatolewa katika gereji za Nakuru, inarudiwa na madalali wa magari Gilgil na Naivasha, na ikifika Molo imeshakuwa sheria: SUV ya otomatiki iliyotumika ikianza kutetemeka, giaboksi imekufa, tafuta nyingine ya ex-Japan, yaani iliyokwisha kutumika Japani. Hukumu hiyo hutetewa kwa madai kadhaa ambayo, yakisikilizwa moja moja, yana sura ya ukweli. Tatizo ni kwamba hayawezi kuwa kweli yote kwa pamoja. Wasomaji ndio mahakimu. Wanaodai wameshasema, sasa tuupime ushahidi wao.

Dai la kwanza ni kwamba mtetemo wenyewe unatosha kuwa ushahidi. Tukubaliane kwanza unazungumzwa mtetemo upi. Gari liko kilomita 60 hadi 80 kwa saa, linapanda taratibu kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, mguu umegusa mafuta kidogo tu. Ghafla linatikisika kana kwamba linapita juu ya matuta madogo yaliyopangwa mfululizo, kisha linatulia. Anayejua otomatiki hufikiria kwanza toki-konvata, chombo kilicho kati ya injini na giaboksi, ambacho husukuma nguvu kwa oili. Ndani yake mna klachi inayojifunga gari likishachanganya mwendo, ili nguvu isipotee. Klachi hiyo ikishika na kuachia mara nyingi kwa sekunde, dereva anasikia mtetemo. Kupima ni bure: mtetemo ukiwa umeanza, gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kupunguza mwendo. Kompyuta huifungua klachi mara moja. Mtetemo ukikoma papo hapo na mizunguko ya injini ikapanda kidogo, mmeshapata eneo la kuchunguza.

Eneo tu, si mkosaji. Plagi iliyochakaa au koili inayokata moto hujificha hapo hapo, kwa sababu klachi ikiwa imefungwa kila mruko wa injini hupita moja kwa moja hadi kwenye kiti, na ikifunguliwa oili huufunika. Kwa hiyo jaribio la breki peke yake linaweza kumwachilia mwenye hatia. Plagi na koili zikaguliwe kwanza, na hesabu za silinda zinazokosa moto zisomwe kwenye mashine ya uchunguzi. Mtetemo unaobadilika kwa mwendo wa gari bila kujali mafuta utafutwe kwenye magurudumu. Ule unaokuja unapokanyaga kwa nguvu na kutoweka unapoachia, utafutwe kwenye shafti za magurudumu ya mbele na maunting za injini. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichomo ndani ya giaboksi, na vyote ni nafuu kuliko giaboksi. Fundi ambaye hakuendesha gari hadi likatetemeka hajapima kitu.

Dai la pili: mashine ya uchunguzi haikuonyesha kosa lolote, basi ni lazima tatizo liwe la ndani kabisa. Ni kweli kwamba mara nyingi mashine husema gari ni zima huku mwenye gari akitikisika. Lakini kompyuta haiandiki kosa mpaka mteleko wa klachi uvuke kiwango ilichowekewa, na mtetemo mchanga hauvuki. Cha kutazama ni namba zinazotembea gari likiwa barabarani: tofauti ya mizunguko kati ya injini na shafti inayoingia giaboksi wakati klachi imeamriwa kufunga. Ukimya wa mashine unamaanisha kiwango hakijavukwa. Huo ni utetezi wa giaboksi, lakini umegeuzwa kuwa mashtaka.

Sasa tufike kwenye oili, maana hapa ndipo wapinzani wangu wanajipinga wenyewe bila kuona haya. Wanasema oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi. Hawakulibuni hilo, baadhi ya watengenezaji magari wameliandika. Lakini ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za BMW na Land Rover, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Aliyeunda chombo anasema kibadilishwe oili. Aliyekinunua na kukifunga kwenye gari anasema si lazima. Mahakimu mnajua yupi anakijua chombo zaidi. Na gari linaloletwa Kenya chini ya kanuni inayozuia magari yenye zaidi ya miaka 8 huweza kufika Mombasa likiwa na oili ile ile liliyotoka nayo kiwandani.

Kisha mtu huyo huyo, pumzi haijakata, anaongeza: ukibadilisha oili ya zamani, giaboksi itaanza kuteleza, kwa sababu unga wa klachi uliomo ndani ya oili ndio unaoshika. Liwekeni dai hili kando ya lililotangulia. Oili haichakai kamwe, na oili imejaa unga wa klachi kiasi kwamba unga huo ndio unaobeba gari! Mojawapo lazima liondoke. La pili lina chembe ya ukweli: giaboksi ambayo klachi zake zimekwisha huweza kufa baada ya oili mpya. Lakini hiyo ilikuwa inakufa tayari, na oili nyeusi yenye harufu ya kuungua huisema hali hiyo kabla nati haijafunguliwa. Oili iliyobadilika rangi bila kuungua ni kesi nyingine, na ndiyo hupata nafuu zaidi. General Motors walipolalamikiwa kuhusu mtetemo wa giaboksi zao za gia 8 waliwaagiza mafundi waondoe oili ya awali, iliyokuwa ikinyonya unyevu, na kujaza ya aina nyingine. Si wateja wote walioridhika, na kesi zilifika mahakamani. Hata hivyo, mtengenezaji mwenyewe alianza na oili, hakuanza na giaboksi.

Kumwaga mara moja pia hakutoshi, kwani sehemu kubwa ya oili hubaki ndani ya toki-konvata. Humwagwa na kujazwa, gari likatembezwa, likamwagwa tena. Na kiwango hupimwa oili ikiwa na joto lililoandikwa na mtengenezaji. Kwa Toyota nyingi zisizo na dipstiki ni karibu nyuzi 40. Anayejaza gari likiwa baridi alfajiri anapima kwa kubahatisha.

Dai lingine ni la ATF, yaani oili ya giaboksi za otomatiki: “ATF ni ATF, mradi iwe nyekundu.” Wekundu ni rangi iliyotiwa tu. Nissan X-Trail yenye CVT, yaani giaboksi isiyo na gia za hatua kwa hatua, inataka oili ya NS-2 au NS-3 kulingana na umri wake, Toyota nyingi zinataka WS, na CVT za Honda za karibuni zinataka HCF-2. Katika CVT, mkanda wa chuma hushika puli kwa msuguano ambao oili hiyo imetungwa kuulinda. Na Dexron III, ATF inayopendwa sana madukani, General Motors wenye jina hilo waliacha kuitolea leseni miaka mingi iliyopita.

Kuna pia chupa ya dawa inayomiminwa ndani. Hubadilisha msuguano, na wakati mwingine mtetemo hukoma kwa muda. Lakini dawa ya chupa ikiponya, basi giaboksi haikuwa imekufa. Muuzaji wa chupa na muuzaji wa giaboksi mara nyingi ni mtu mmoja.

Kuhusu mlima: wanasema magari ya Japani hayakuumbiwa nchi ya juu. Nakuru iko takriban mita 1,850, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Dereva hukanyaga zaidi, klachi hukaa wazi zaidi, oili hupata joto zaidi. Nakubali yote hayo. Yanathibitisha kwamba hapa kwetu oili ibadilishwe mapema, jambo ambalo mtoa dai alishalikataa.

Inabaki giaboksi ya ex-Japan yenyewe. Zipo zinazostahili kubadilishwa, hasa CVT ambayo mkanda wake umeteleza na kukwaruza puli. Marekani, Nissan walilazimika kurefusha dhamana ya CVT za Rogue, pacha wa X-Trail. Lakini ile iliyo sakafuni dukani inakuja na toki-konvata yake iliyotumika, na hakuna anayeweza kuipima kwa mzigo ikiwa sakafuni. CVT za Nissan zina takwimu za vali zao ambazo huandikwa upya kwenye kompyuta ya gari baada ya kufungwa. Hatua hiyo ikirukwa, giaboksi nzima kabisa huweza kutikisika. Mteja akirudi kulalamika, anaambiwa ni mlima.