Punguzo Lenye Ada

Ndugu zetu wasomaji, na ninyi vijana khasa, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotufikia kwa barua. Jambo lenyewe limetokea mbali, katika nchi ya Marekani, lakini aliyepatwa nalo ni mtoto wetu, aliyekaa mkekani kwetu tangu alifu mpaka akakhitimu.

Kijana huyu alikwenda Marekani kusoma, na mwaka 2010 akaingia katika jeshi la nchi ile. Najua wako watakaouliza imekuwaje, basi na tueleze. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianzisha mpango wa kuwaandika wageni waliokuwako kule kwa ruhusa ya serikali, wakiwa ni matabibu au ni watu wanaozijua lugha zilizohitajiwa, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Aliyeingia kwa mlango huo alipewa uraia upesi. Mlango ulifungwa kwa watu wapya mwaka 2016. Kijana wetu alitumika miaka sita, akafika cheo cha sajini, akakabidhiwa ghala la vifaa. Kisha akatoka salama, na sasa anakaa mji wa Columbus, katika jimbo la Ohio, pamoja na mkewe na watoto wao wawili.

Mama yake yu hapa mtaani petu. Kwa muda wa miaka mitatu hakuna siku tuliyokutana naye asituulize, "Mwalimu, mwanao hakukuandikia atakuja lini?" Nasi hatukuwa na jawabu la kumpa. Hata barua ilipokuja, tukaona kwamba kijana alikuwa akificha jambo kwa sababu ya haya.

Asema kwamba mwezi wa Novemba 2022, siku ya tarehe 11, ambayo ndiyo siku Wamarekani wanayowaadhimisha askari wao wa zamani, aliona katika simu yake tangazo la chama kimoja cha wasafiri. Tangazo lilikuwa na bendera na tai, na maneno ya kumshukuru kwa utumishi wake. Chama kilimwahidi punguzo la nauli za ndege, vyumba vya hoteli na magari ya kukodi, kwa sababu ya uaskari wake. Siku 30 za mwanzo ni bure. Maneno ya kwamba baada ya siku hizo atatozwa dola 70, na kwamba atatozwa tena kila mwaka mpaka aseme basi, yaliandikwa chini kwa herufi ndogo. Yeye alikuwa akitafuta nauli ya kuja kumwona mama yake. Akapeleka nakala ya cheti chake cha kutoka jeshini, akatia nambari ya kadi yake ya benki, akajiunga.

Usiku ule ule akatafuta safari ya kuja kwetu. Punguzo halikuwako. Lililokuwako lilikuwa la mashirika machache ya ndege, na katika mashirika hayo ni kwa safari za ndani ya Marekani, na katika safari hizo ni kwa namna fulani za tiketi, si zote. Akaacha. Mara moja tu, alipokwenda harusini mji mwingine, alitafuta hoteli kwa chama kile, kisha akapiga simu hotelini mwenyewe na kusema kwamba yeye ni askari wa zamani. Bei aliyotajiwa kwa simu ilikuwa ile ile, ikipungua dola mbili. Baada ya hapo chama kikamtoka moyoni kabisa.

Mwezi wa Januari 2025 mkewe akafanya hesabu za nyumba, akamwuliza, "Hizi dola 70 za kila Desemba ni za nini?" Zilikuwa zimekwenda mara tatu, jumla dola 210. Hapa kijana ameandika maneno yaliyotuuma: kwamba yeye aliyekuwa akihesabu kila buti na kila turubali katika ghala la jeshi, na hesabu yake isipungue hata msumari, hakuhesabu kilichokuwa kikitoka mfukoni mwake. Ndiyo haya iliyomfanya anyamaze.

Dola 210 hazimleti mtu mmoja kutoka Ohio mpaka pwani yetu, sembuse watu wanne. Hilo twalijua, na yeye alijua. Lakini mtu akiona ameghilibiwa katika kutafuta njia ya kwenda kwa mama yake, hukata tamaa ya njia yenyewe.

Kutoka kulikuwa na mashaka kuliko kuingia. Kuingia alibonyeza mara nne, nusu usiku, yu kitandani. Alipotaka kutoka hakuona mahali pa kubonyeza. Akaandikiwa apige simu, tena mchana wa siku za kazi. Akapiga akangojeshwa. Alipopata mtu, mtu yule hakumwambia "ndiyo" wala "la", bali alimpa mwaka wa nne kwa nusu ya ada. Akakataa. Akaambiwa atapelekewa barua ya kuthibitisha, na barua haikuja. Tena fedha zilizokwisha lipwa hazirudi, kwa kuwa alikubali masharti.

Malalamiko yanayotolewa Marekani juu ya vyama vya namna hii hayapishani sana na haya ya kijana wetu. Mmoja asema jaribio la bure limegeuka deni kabla hajatanabahi. Mwingine asema ametozwa mwaka mpya bila ya kukumbushwa. Wako wasemao kwamba punguzo lapigiwa hesabu juu ya bei kubwa kabisa, bei ambayo hailipi mtu yeyote mwenye kutafuta, hata likitolewa yule askari hulipa sawa na raia asiyepata kushika bunduki. Na wako wanaoogopa zaidi juu ya vyeti vyao, kwani cheti cha kutoka jeshini chaweza kuwa na nambari ya mtu ya hifadhi ya jamii, na katika nchi ile mwenye nambari hiyo aweza kukopa kwa jina lako.

Hatusemi kwamba kila chama cha wasafiri ni cha hila. Yuko mtu asafiriye kila mwezi, naye huipata ada yake ikarudi na faida juu. Tunalolikataa ni biashara inayotegemea usahaulifu wa mnunuzi. Mwenye duka akitumaini kwamba mteja wake atasahau, huyo hauzi tena punguzo.

Na kwa nini waandamwe askari? Twaona sababu mbili. Ya kwanza, mtu aliyelelewa katika jeshi amezoea kuamini karatasi yenye muhuri na bendera, na tangazo likivaa sare humjia kama mwenzake. Ya pili ni kwamba haki za askari wa zamani wa Marekani ni nyingi na zimetawanyika, hata wenyewe hawazijui zote. Mtu akiuziwa mlango hajui kwamba mlango wa pili u wazi.

Basi na tuitaje baadhi ya milango hiyo, maana gazeti letu husomwa na jamaa walioko huko. Tangu tarehe 11 Novemba 2022 askari wa zamani wa Marekani aweza kupewa bure kibali cha maisha cha kuingia katika mbuga na hifadhi za taifa zinazotoza kiingilio. Kadi ya utambulisho wa askari wa zamani, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2015, hutolewa na wizara yao bila ya malipo. Majimbo nayo huandika alama ya uaskari katika leseni ya kuendesha gari, na hoteli na maduka mengi huridhika na hiyo. Aliyeumia kazini, akaandikwa kuwa na ulemavu uliotokana na jeshi, tangu Januari 2020 amefunguliwa maduka ya kambini. Yako pia mapunguzo ya hoteli na magari ya kukodi ambayo hutolewa kwa kuulizwa tu. Kijana wetu hakuwa amepata kuuliza mpaka siku ile ya harusi.

Ama kwa upande wa sheria, Marekani si nchi isiyo na kinga. Sheria ya mwaka 2010 juu ya biashara za mtandao yamlazimisha muuzaji wa ada za kujirudia aeleze masharti waziwazi kabla ya kuchukua nambari ya kadi, apate ridhaa ya mnunuzi iliyo dhahiri, na aweke njia nyepesi ya kutoka. Mwezi wa Oktoba 2024 tume ya serikali kuu inayosimamia haki za wanunuzi ilitoa kanuni kali zaidi, kwamba kutoka kuwe kwepesi kama kuingia. Lakini mwezi wa Julai 2025, siku chache kabla ya kanuni hiyo kuanza kutumika yote, mahakama ya rufani iliibatilisha kwa sababu tume haikufuata taratibu za kuitunga. Sheria ya 2010 ilibaki mahali pake, na kwa nguvu yake mwezi wa Septemba 2025 kampuni ya Amazon, iliyoshitakiwa kwa namna ilivyowaingiza watu katika uanachama wake wa Prime na kuwatia uzito wa kutoka, ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi.

Sisi wasomaji wa vitabu vya fikihi hatuoni ugeni katika haya. Katika mlango wa biashara twafundisha khiyari ya sharti, na katika madhehebu yetu ya Shafii mwisho wake ni siku tatu, mnunuzi akitaka huipitisha biashara na akitaka huivunja. Wamarekani nao wana kanuni ya siku tatu za kazi kwa mtu aliyeuziwa kitu nyumbani kwake au katika mkutano wa mauzo hotelini, mahali ambapo uanachama wa safari hupenda kuuzwa kwa watu waliokwisha shiba chakula cha bure. Kwa aliyenunua mtandaoni mwenyewe kanuni hiyo haimfai, na kijana wetu alikuwa ni huyo.

Lililomfaa ni benki. Kwa sheria yao, mwenye kadi ya mkopo ana siku 60 tangu kupelekewa hesabu za kuandika kwamba hakubaliani na tozo fulani. Na aliye na kadi inayotoa fedha moja kwa moja katika akiba yake aweza kuiagiza benki izuie malipo ya kujirudia, akiwahi siku tatu za kazi kabla ya siku yenyewe. Yake ilikuwa kadi ya mkopo. Akaandika barua, akatia tarehe za simu alizopiga na majina ya aliosema nao, jambo alilolizoea tangu ghalani. Benki ikamrudishia dola 70 za Desemba 2024. Za miaka miwili ya nyuma wakati ulikuwa umepita, nazo zimekwenda.

Tulipomjibu hatukumlaumu. Tulimwambia tu kwamba mama yake angalipenda kusikia khabari ya dola 210 kuliko kutosikia khabari yoyote.

Barua yake ya pili imefika wiki iliyopita. Tiketi amekata mwenyewe kwa shirika la ndege, bila ya chama, na watakuja wote wanne mwezi wa Juni shule za kule zikifungwa. Mama yake amekwisha anza kupaka chokaa chumba cha uani.